Upande Aliokwenda Shiru

Mama mmoja wa makamo alifika ghorofa ya nne siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wa Daktari Mabruka Hafiz, na hapo akakaa mpaka adhuhuri bila kumsumbua mtu. Wanafunzi waliingia na kutoka. Karani wa idara alimuuliza mara mbili kama amemleta mtoto kujisajili, naye akatikisa kichwa tu. Mabruka alipotoka kwenda msikitini, ndipo mama yule aliposimama, akavuta sweta lake likae sawa, akauliza, "Ni wewe daktari wa redio?"

Mabruka hakupenda kuitwa hivyo. Alikuwa mhadhiri wa fizikia, miaka arobaini na mmoja, na kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameipa nadharia ya nyuzi. Nadharia hiyo inasema kwamba kila kitu, jiwe na maji na mwanga, ukikichimba hadi chini kabisa kusikofika chombo chochote, kimefanyizwa kwa nyuzi ndogo zinazotetema. Hesabu za nyuzi hizo hazitoshei katika dunia ya urefu, upana na kimo peke yake. Zinadai mielekeo mingine sita, iliyojikunja mahali ambapo hakuna jicho litakaloiona. Redioni alikuwa amekwenda mara moja tu, mwaka uliotangulia, kwa sababu mkuu wa idara alisema chuo kinahitaji kusikika.

"Ndiye mimi, mama. Karibu ndani."

"Naitwa Wangu. Mama Shiru. Nimetoka Mutuini."

Alipoketi alitoa simu mkobani, akaibonyeza, akaiweka mezani katikati ya karatasi. Mabruka akasikia sauti yake mwenyewe: "Huenda hapa tulipokaa, karibu nasi kuliko nguo tulizovaa, kuna mielekeo mingine ambayo macho yetu hayakuumbwa kuiona." Mtangazaji akacheka, "Kwa hivyo, daktari, mtu anaweza kupotelea huko?" Na Mabruka, kwa wepesi wa mtu anayeona kipindi kinakwisha, akajibu, "Nani ajuaye? Huenda wengine wameshaingia." Vicheko vikafuata, kisha tangazo la sabuni.

"Mzee wangu, Dedan, anasikiza hii kila asubuhi," Wangu alisema. "Kabla ya chai."

Kisha akasimulia. Binti yao, Shiru, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa ameajiriwa katika duka la dawa huko Kinoo. Kila alfajiri alishuka bondeni nyuma ya shamba lao, akavuka daraja la mbao na kupanda ng'ambo, maana njia hiyo ilimwokolea nusu saa. Katika ile mvua kubwa ya Aprili mwaka uliopita, mto ambao siku zote mtoto angeuvuka bila kulowa magoti ulijaa ghafla, ukang'oa daraja. Jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliona mwavuli wake mwekundu juu ya daraja. Alipoinua tena macho, daraja halikuwapo. Walitafuta majuma sita. Walipata kiatu kimoja na mkoba. Shiru hawakumpata.

"Mchungaji amekuja mara tatu. Mimi nataka tufanye ibada, tuseme jina lake mbele ya watu, tulie, tuwache. Dedan amekataa. Anasema ukimfanyia mtu ibada ya wafu, umemfungia mlango. Anasema yeye anajua Shiru alienda upande gani." Wangu aliichukua simu, akairudisha mkobani polepole. "Sikukuja kugombana. Lakini hiyo mlango ni wewe ulifungua, daktari. Kuja uifunge."

Mabruka alikuwa mkazi wa Kinoo. Lile duka la dawa, jirani na kituo cha magari, alilijua. Alikuwa amenunua dawa ya kikohozi pale mara nyingi. Alijaribu kuukumbuka uso wa msichana nyuma ya kaunta. Haukumjia.

"Nitakuja Jumamosi," alisema.

Jioni ile alimweleza Mutie, mwenzake wa ofisi ya pili, mtu wa maabara ambaye maisha yake yote alifanya kazi na vitu vinavyoshikika.

"Utamwambia nini?" Mutie aliuliza.

"Ukweli. Kwamba ile ni hesabu tu."

Mutie alifuta miwani yake kwa pindo la shati. "Hesabu tu. Mbona darasani husemi hivyo?"

"Darasani nasema ndiyo nadharia bora tuliyo nayo."

"Unasema kwa sauti gani? Mimi nimeshakusikia, Mabruka. Unasema kama mtu aliyefika huko akarudi."

Alicheka aliposema, lakini Mabruka hakucheka. Baba yake, Maalim Hafiz, alikuwa mwalimu wa Kurani Mombasa, na tangu utotoni alimlea kujua kwamba kuna mambo mtu huyakubali kwa moyo na mengine huyadai kwa ushahidi. Mabruka alijivunia kutochanganya mawili hayo. Kwenye mswala hakumdai Mungu uthibitisho. Kwenye ubao alidai uthibitisho kwa kila mtu. Ndivyo alivyojiona, angalau.

Jumamosi ilikuwa na mawingu. Bodaboda ilimfikisha Mutuini saa nne, ikamwacha penye lango la mabati kati ya majengo mawili mapya ya kupangisha. Ndani ya lango hapakuwa na ghorofa. Palikuwa na nyumba ya mawe ya zamani, ng'ombe mmoja, majani yake ya kulisha, na chini kabisa bonde.

Dedan alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa kifungo cha mwisho shingoni. Miaka thelathini na minne alikuwa savea, mpima ardhi, kabla ya kustaafu. Mabruka alimwamkia "Shikamoo, mzee," kama alivyofunzwa kwao. Dedan alisita kidogo, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, kisha akasema, "Marahaba," akampa mkono.

"Nilijua siku moja utakuja," alisema. "Nilimwambia mama, huyo mtu lazima anajua kuna watu wamesikia."

Wangu alitazama chini. Hakuwa amemwambia mumewe ni nani aliyemwita mgeni.

Mezani chai ilisogezwa kando, na Dedan akakunjua ramani. Mabruka alikuwa ameona ramani nyingi, lakini si kama ile. Mto wote ulikuwa pale, kutoka daraja lililovunjika hadi unapoungana na mto mkubwa, kilomita tisa, kila kona, kila jiwe, kila mti uliozuia takataka. Wino mweusi ulionyesha kingo, wa bluu kina cha maji, na alama ndogo nyekundu, mamia yake, zilikuwa mahali alipochoma ardhi kwa fimbo ya chuma kutafuta chini ya matope.

"Nilianza kwa bikoni, ile alama ya mpaka ya serikali pale juu," alisema, akigusa alama moja, "nikazunguka, nikarudi kwa bikoni ileile. Makosa yangu ni sentimita mbili. Kilomita kumi na nane kuenda na kurudi, sentimita mbili! Sasa wewe ni mtu wa hesabu. Urefu nimepima. Upana nimepima. Chini nimepima. Hayuko. Kama mtu hayuko kwa urefu, na hayuko kwa upana, na hayuko chini, ameenda wapi?"

Mabruka alielewa kwamba mtu huyu hakuwa mwendawazimu. Alikuwa amefuata hatua baada ya hatua, kama anavyofuata mwanafunzi hodari, na mwisho wa hatua hizo lilikuwa neno alilolisikia redioni.

"Nionyeshe mahali penyewe, mzee," alisema.

Walishuka watatu. Mto ulikuwa mwembamba, rangi ya chai, ukipita katikati ya mawe kana kwamba haujawahi kumdhuru mtu. Kwenye kila ukingo vilisimama vigingi vyeupe vya mbao, kila kimoja na namba yake. Vilikwenda hadi macho yalipokoma.

Mabruka alisimama karibu na kigingi cha kwanza. "Mzee Dedan, nimekuja kukuomba msamaha. Niliyosema redioni mwisho, yale ya watu kuingia, ulikuwa mzaha. Haukustahili kusemwa. Mtu hawezi kuingia katika mielekeo hiyo."

"Unajuaje?"

"Ni midogo. Chukua atomi moja, uikuze iwe kubwa kama dunia hii nzima. Hata hapo, mielekeo hiyo ingekuwa midogo kuliko atomi. Hakuna unywele wa mtu unaoweza kupita, seuze mtu."

"Umeiona?"

"Hapana."

"Kama haujaiona, ukubwa yake umejuaje?"

Lilikuwa swali zuri, na Mabruka alikuwa na jibu lake. "Kwa sababu watu wamepima. Ingekuwa mikubwa kiasi cha kumeza mtu, vitu vingevutana kwa namna nyingine. Kijiwe hiki kingeanguka tofauti. Wamepima kwa mizani inayohisi kitu chepesi kuliko unyoya, miaka na miaka, katika nchi nyingi. Nguvu ya uvutano ni ileile tunayoijua. Hilo si imani yangu, mzee. Limepimwa. Shiru hakwenda huko."

Dedan aliinama, akaokota kijiwe, akakishika tu. Alipoongea tena sauti ilikuwa chini.

"Sawa. Hizo kubwa hakuna. Na hizo ndogo zako? Zimepimwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu ameziona? Hata huko Ulaya?"

"Hakuna."

"Umezitafuta miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na unaamini ziko."

Mabruka alifungua mdomo ajibu kama alivyojibu maelfu ya mara: kwamba hesabu zake zinapendeza mno kuwa za bure, kwamba hakuna nadharia nyingine inayounganisha kikubwa na kidogo. Akamwona Wangu amesimama nyuma ya mumewe, mikono imekumbatia sweta, akingoja. Akayaacha majibu yale.

"Nataka ziwepo," alisema.

"Hiyo sikukuuliza."

"Najua." Aliketi juu ya jiwe. "Kuna mashine kubwa imechimbiwa chini ya ardhi huko Ulaya. Tulisema, watu wa nyuzi, kwamba ikianza kazi itapata chembe fulani, pacha za chembe tunazozijua. Tulikuwa na uhakika. Haikupata. Basi tukasema pacha hizo ni nzito kuliko tulivyodhani, mashine iongezewe nguvu. Ikaongezewa. Haikupata. Tukasema ni nzito zaidi. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo mara mbili. Na mezani kwangu sasa hivi kuna makala ya tatu, inangoja nitie jina langu."

Dedan alikizungusha kijiwe mkononi. "Sisi masavea tunaita hiyo kitu kusongeza bikoni. Mtu akipima shamba, akaona haitoshi vile anataka, anang'oa bikoni usiku anaisongeza mbele. Anapima tena. Sasa inatosha." Alikitupa kile kijiwe majini. "Huyo mtu anapelekwa kortini. Mimi nimesimama kortini mara kumi na moja nikitoa ushahidi juu ya watu kama hao."

"Ndiyo," Mabruka alisema.

"Unasema ndiyo tu?"

"Nitasema nini, mzee? Ni kweli. Nimekuwa nikisogeza."

Hapo uso wa Dedan ulibadilika. Mabruka alitazamia dharau, lakini kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi. Mzee aligeuka, akavitazama vigingi vyake, kimoja hadi kingine, kuufuata mto. Midomo ilianza kumcheza. Wiki sita za kwanza alitafuta hadi kilomita tatu. Alipokosa, akasema ni nne. Akasema ni tisa. Akasema ni chini ya matope. Na matope yalipomkatalia, ikaja redio. Hakuyasema hayo kwa sauti. Wangu ndiye aliyeyajua, kwa kuwa kila kigingi alikuwa amekibeba yeye.

"Enda nyumbani, daktari," Dedan alisema bila kugeuka. "Tafadhali. Enda."

Wangu alimsindikiza mpaka langoni. Hapo Mabruka alisema, "Nisamehe, mama. Nimemuumiza zaidi."

"Hajalia tangu siku ile," Wangu alijibu. "Mwaka mzima. Umeona mdomo yake?" Akashika mkono wa Mabruka kwa mikono yake miwili, akaubana, akarudi zake bondeni.

Jumatatu Mabruka alimwandikia profesa aliyeshirikiana naye katika ile makala ya tatu. Alitaka iongezwe aya moja tu: iseme wazi ni matokeo gani, yakipatikana, yatawafanya wakubali kwamba wamekosea. Profesa alijibu kwa upole kwamba aya kama hiyo si ya kawaida katika fani yao. Mabruka aliandika tena. Jibu la pili lilikuwa fupi. Basi akaomba jina lake liondolewe, na likaondolewa. Mutie alipopata habari alikuja, akasimama mlangoni, akakosa mzaha.

"Umeacha nyuzi?" aliuliza.

"Sijaacha. Bado nadhani huenda ni kweli. Ila sijui, na nimechoka kuongea kama ninayejua."

"Na ukija kukuta si kweli?"

"Basi nitakuwa nimetumia miaka kumi na sita kujua hivyo." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, yalimtisha, na hofu ile haikumtoka siku hiyo wala kesho yake.

Redioni alirudi pia. Mtangazaji alimpa dakika tatu katikati ya taarifa za barabara. Safari hii hakucheka. Alisema alichosema mwaka jana mwishoni mwa kipindi hakikuwa sayansi, kwamba mtu hawezi kupotelea katika mielekeo ile, na kwamba kama kuna aliyejenga tumaini juu ya neno lake, anamwomba radhi. Mtangazaji alimshukuru, akarudi kwenye msongamano wa magari.

Zilipita wiki saba. Kisha Wangu akapiga simu. Dedan alikuwa ameng'oa vigingi mwenyewe, siku nne mfululizo, na kumkataza mtu yeyote kumsaidia. Ibada ingekuwa Jumamosi, nyumbani.

Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mabruka aliketi nyuma, kitambaa chake cheupe kichwani, miongoni mwa wanawake wa kanisa ambao walimsogezea nafasi bila kuuliza. Waliimba kwa Kikuyu, naye hakuyajua maneno, akawasikiliza. Mchungaji alipomaliza, Dedan alisimama. Alikuwa na karatasi lakini hakuisoma.

"Binti yetu alikuwa anaitwa Shiru," alisema. "Alikuwa anapenda kufagia akiimba, na alikuwa anaimba vibaya. Alikufa tarehe ishirini na nne, mwezi wa nne. Maji ilimchukua. Sijui iko naye wapi. Nimetafuta, na sijui." Wangu aliinuka akasimama karibu naye, akamshika kiwiko. "Ni hiyo tu," Dedan alisema, na hapo akalia, kwa sauti, kama mtu anayetapika, na hakuna aliyemhimiza kunyamaza.

Baadaye walikula. Wangu alimletea Mabruka sahani ya mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, na maharagwe. "Yako haijagusana na nyama," alimwambia. "Nimepakua ya kwanza kabisa." Alasiri ilipoingia Mabruka aliuliza taratibu kama kuna pembe tulivu anapoweza kusali. Nyumba ilijaa watu. Sebuleni watoto, jikoni sufuria. Wangu alifikiri kidogo, akachukua ufunguo juu ya kabati, akampeleka mwisho wa ukumbi.

"Hii ni ya Shiru," alisema. "Haijafunguliwa."

Mlango uligoma, kisha ukaachia. Ndani mlikuwa na kitanda kilichotandikwa, sare nyeupe ya duka la dawa kwenye msumari, na hewa nzito ya mwaka mzima. Wangu alifungua dirisha. Alitandika leso safi sakafuni, akauliza ni upande gani, Mabruka akamwonyesha, akaisogeza ikae sawa. Kisha akatoka.

Mabruka alisali. Katika sijda ya mwisho alikaa muda mrefu, na hakuomba kujulishwa lolote. Alimwombea msichana ambaye huenda aliwahi kumpa dawa mkononi, na wazazi wake, na alipotoa salamu na kugeuza uso kulia alimwona Dedan mlangoni. Alikuwa amevua kofia. Alikuwa amengoja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Ile ya redio ya kwanza sijakusamehe bado," Dedan alisema. "Nisikudanganye."

"Sawa, mzee."

"Ya pili nilisikia." Aliingia, hatua moja, mbili, akiangalia kuta kama mgeni. Akaketi ukingoni mwa kitanda polepole, na kitanda kikalia chini ya uzito wake. Upepo ulipitia dirishani ukaitikisa ile sare nyeupe. Dedan alinyoosha mkono, akashika upindo wake kwa vidole viwili, na Mabruka akaikunja leso, akatoka, akauacha mlango wazi.